Nionyeshe Kifua Kikiinuka

Dada Skola,

Kanga ya Mama Jeni bado ninayo. Nimeifua mara tatu, nimeipiga pasi, nimeikunja na kuiweka juu ya kabati la jikoni, pale ulipokuwa ukificha biskuti zako. Kila Jumapili Mama Jeni akinikuta kanisani ananiambia nisihangaike, nibaki nayo tu. Hajui kwa nini sitaki kubaki nayo. Na wewe pia hujui, maana ilipokufunika ulikuwa umekwisha kufumba macho.

Nimechelewa kukuandikia. Miezi saba. Ningekuwa mbele yako sasa ungesema Wahehe ni wazito hata kwenye barua. Sema tu, mtani. Mimi Mhehe wa Iringa, wewe Mngoni wa Songea. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia utani tuumalizie sisi. Katika mji huu mzima sina tena mtu wa kunitukana. Watu wananipa pole, wananiletea sambusa, wananishika bega, na hakuna hata mmoja wa kuniita mla mbwa. Sikujua kwamba mtu anaweza kukosa usingizi kwa kukosa kutukanwa.

Habari za Grace kwanza, najua ndizo unazozitaka. Ametimiza miaka kumi na tano. Amerefuka, sketi zake zote za shule zimekuwa fupi na anafurahi, mimi ndiye ninayelalamika. Kaka yako aliyeko Songea alikubali abaki huku ughaibuni, hapa Kilburn, na mimi mpaka amalize masomo. Analala chumbani kwako. Mimi nipo palepale kwenye kichumba changu cha upande wa barabara. Bado namsemesha Kiswahili na bado ananijibu Kiingereza. Asubuhi anabandika maji ya chai ya watu watatu, halafu anakumbuka, anamwaga ya kikombe kimoja. Tunajifanya wote wawili hatujaona.

Hajalia mbele yangu hata siku moja. Ila wiki ya pili baada ya kurudi kutoka kukuzika Songea, tukiwa tunaanua nguo, aliniuliza swali moja. Alisema, "Auntie, you're a nurse. What did you do?" Eti mimi ni muuguzi, nilifanya nini. Nikamwambia nilifanya yote niliyofundishwa. Akatikisa kichwa, akaendelea kukunja soksi.

Nilimdanganya mtoto wako, Dada Skola. Ndiyo maana naandika.

Naomba nianzie mbali kidogo, maana nikienda moja kwa moja nitaishia kuichana karatasi kama nilivyozichana nyingine.

Uliniambia mara moja tu kuhusu yule mzee wa Hounslow. Ilikuwa miaka ya tisini, ulipokuwa mgeni, uuguzi wako wa Songea hautambuliki huku, ukawa unalisha wazee kwenye nyumba moja karibu na uwanja wa ndege. Mzee akakabwa na kipande cha mkate uliokuwa unamlisha wewe. Ukampiga mgongoni, ukampa maji, ukaita watu. Akafa mkononi mwako huku amekushika kidole. Ulinisimulia ukiwa unaosha vyombo, ulipomaliza ukaniambia sufuria halijatakata, nilisugue tena. Hukulirudia tena lile jambo. Lakini mimi nilielewa kwa nini, ulipopata usajili na kuingia wodini, ulikuwa unaizungumzia njia ya hewa kama wengine wanavyozungumzia wokovu.

"Ulimi ndio muuaji wa kwanza," ulikuwa unatuambia. "Mtu akizimia chali, ulimi unarudi nyuma unafunga mlango. Moyo utausukuma bure. Fungua mlango kwanza." Na ile nyingine, ambayo wodi nzima waliizoea hata Wafilipino na Waairishi: usiniambie umepuliza, nionyeshe kifua kikiinuka. Ulimtimua daktari mmoja kijana kwa neno hilo. Alipuliza mara mbili, kifua cha sanamu ya mazoezi kikakaa kimya, akanyoosha mkono apewe karatasi yake ya kufaulu. Ukamwambia arudi Alhamisi.

Na yule sanamu! Kiwiliwili cha plastiki kisicho na miguu, mdomo wazi. Ukampa jina la Shemeji. Ukaniambia mbele ya watu kwamba ni Mhehe, ndiyo maana ameshindwa hata kuvuta pumzi mwenyewe mpaka Mngoni amsaidie. "Njoo umpulizie shemeji yako." Nilicheka mpaka Sista Bridget, meneja wetu, akachungulia kuona kuna nini.

Kisha zikaja kompyuta. Unakumbuka lile tangazo: mafunzo ya njia ya hewa sasa yatakuwa nusu kompyuta, nusu mikono. Kwanza muuguzi akae mwenyewe kwenye kile kichumba nyuma ya stoo ya dawa, atazame picha na video, ajibu maswali. Akifaulu, aje kwa mkufunzi wa wodi, apige magoti kwa Shemeji, mkufunzi amwone kwa macho yake ndipo atie saini. Wakakuchagua wewe mkufunzi. Ulivaa ile beji siku ya kwanza ukatembea kama umepewa jimbo. Tatizo ni kwamba mkufunzi naye alitakiwa kuifaulu kompyuta kila mwaka kama wengine.

Na kompyuta ikakushinda. Haikuwa Kiingereza, wala haikuwa akili. Ilikuwa ile saa ndogo kwenye kona ya kioo inayohesabu kurudi nyuma. Wewe swali ulilisoma mara tatu, kama unavyosoma maagizo ya dawa, na ndivyo muuguzi anavyotakiwa kusoma. Ukiinua kipanya, muda umekwisha. Ukaanguka mara ya kwanza. Ukaanguka mara ya pili. Mara ya tatu wangekuvua beji, na waliokuwa nyuma yako kwenye foleni ya ukufunzi walikuwa watoto wa juzi ambao hawajawahi kumwona mtu akibadilika rangi.

Ulikuja kwangu na neno lako la siri limeandikwa nyuma ya picha ya Mtakatifu Yuda. Hukuniangalia usoni. Mtu aliyenipokea uwanja wa ndege na koti mkononi kwa kuwa alijua nitashuka na kitambaa cha begani tu, aliyenifundisha kupanda treni, aliyenipa kitanda chake wiki ya kwanza akalala kwenye kochi. Ningekuambia nini? Kwamba si haki? Dada mkubwa akikuomba kitu kwa macho ya chini, humwachi aombe mara mbili. Niliketi kwenye kile kichumba nikajibu maswali yako kwa dakika kumi na nane, wewe umesimama mlangoni unajifanya unahesabu glavu. Nikakupatia alama zote. Ukanibusu utosini, na jioni ukanipikia kande.

Wiki ileile ikafika zamu yangu ya mikono. Nilikuwa nimetoka kufanya kazi ya usiku kwingine, nimekuja kwako nayumba. Uliniona nimeegemea ukuta. Ukachukua karatasi yangu, ukatia saini, ukasema, "Nenda kalale, Mhehe. Shemeji hatoki hapa. Nitakufundisha kesho."

Kesho ilikuwa na wagonjwa wawili waliozidiwa. Keshokutwa ulikuwa likizo. Mwaka uliofuata nikakufanyia kompyuta tena, ukanitilia saini tena, na safari hii hatukusema hata kesho. Nipe nikupe. Sikuiona kama udanganyifu, naapa. Niliiona kama undugu. Wewe ulikuwa na mikono, mimi nilikuwa na kompyuta, tukajiona ukituweka pamoja tunatengeneza muuguzi mmoja aliyekamilika. Lakini mtu akianguka hawezi kungoja muuguzi wa pili aje na nusu yake. Na siku ile uliyeanguka ni wewe mwenye mikono.

Sasa nifike Walthamstow.

Kipaimara cha Jeni. Ukumbi wa kanisa, saa nane mchana, jua la kweli kwa mara ya kwanza mwaka ule, watoto wanakimbia na soksi nyeupe. Nyama ya mbuzi nilikuwa nimepika mimi. Meza yetu ilikuwa na watu sita, na wanne kati yetu ni wauguzi. Ulikuwa unasimulia habari ya padri na mwavuli, mdomo umejaa kama kawaida yako, na ukakwama katikati ya maneno. Ukanyanyuka. Ukashika koo kwa mikono miwili. Ukanitazama mimi.

Nami nikacheka.

Kwa sababu ulikuwa unafanya hivyo kila nilipopika. Kila mara, miaka yote ile. Unaonja kijiko cha kwanza, unashika koo, unatoa macho, unasema Mhehe amenilisha mbwa. Grace alikuwa anakuigiza tangu akiwa na miaka mitano. Nikasema kwa sauti ili meza nzima isikie, "Haya, mbwa ameshamkaa kooni!" Wakacheka wote. Ukatikisa kichwa. Nikadhani unakoleza. Mama Jeni alipiga meza kwa kicheko mpaka soda ikamwagika.

Ukatoka. Ulipita katikati ya viti polepole, bila kumgonga mtu, ukaenda upande wa vyoo. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba anayekabwa asiachwe atoke peke yake, kwamba watu hukimbilia chooni kwa aibu na hufia huko. Nimejiuliza miezi saba kwa nini ulitoka. Jibu ninalolipata ni lilelile: ulitoka kwa sababu tulikuwa tunakucheka. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, nami nililisema neno hilo mara mia kwa watoto wa watu.

Nilimaliza soda yangu ndipo nikakufuata.

Ulikuwa chini kwenye korido, mlango wa choo umekuegemea miguuni, gauni limepanda juu ya magoti. Midomo yako ilikuwa na rangi niliyoiona kwa wagonjwa tu. Nikapiga kelele. Mama Jeni alikuwa wa kwanza kufika. Akafungua kanga kiunoni mwake akasema, "Msitirini, jamani, msitirini," akakutupia. Ndivyo tulivyolelewa, mwanamke akianguka mbele ya watu, kwanza unamsitiri. Na mimi, muuguzi niliyesajiliwa, nikashika pindo la ile kanga nikaivuta ikae vizuri. Nikaifikisha mpaka kidevuni. Nikakuchomekea pembeni kama mtoto.

Sijui zilikuwa sekunde ngapi.

Halafu nikakumbuka kazi, wenzetu wawili wakikimbilia simu na kuzuia watoto. Nikapiga magoti, nikakandamiza kifua juu ya kanga, nikahesabu. Picha zote za kompyuta zilikuja kichwani, kwa mpangilio, na rangi zake. Nikainua kidevu kama kwenye picha. Nikapuliza. Pumzi yangu ikanirudia shavuni. Nikapuliza tena, ikanirudia tena. Sikujua kwamba kichwa kinatakiwa kirudi nyuma zaidi ya pale. Kwenye picha kichwa hakina uzito. Sikutazama ndani ya mdomo. Na kifua sikukitazama, Dada Skola. Kilikuwa chini ya kanga.

Ambulensi ilipofika, kijana mmoja mwembamba aliivuta ile kanga akaitupa ukutani bila kuomba radhi. Akakilaza kichwa chako nyuma, akamulika tochi mdomoni, akaingiza koleo refu jembamba, akatoa kipande cha nyama kama kidole gumba. Akakuvisha barakoa, akabana mfuko wa hewa mara moja. Kifua kikainuka. Mara moja tu, mbele ya macho yangu, kikainuka.

Moyo ulirudi. Wewe hukurudi. Siku mbili kwenye mashine, Grace amekushika mkono, halafu wakatuita kwenye kile chumba chenye makochi ambako mimi na wewe tulikuwa tunawapeleka ndugu za wagonjwa. Nilijua watasema nini kwa sababu ya boksi la tishu mezani. Nilikuwa nimeliweka mimi mwenyewe mara nyingi.

Wachunguzi wa vifo waliniuliza nilifanya nini, nikawaeleza nilichofanya. Hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa nimewahi kufanya kabla ya siku ile. Daktari alisema pengine isingebadilisha kitu. Pengine. Nimeligeuza neno hilo kila upande na halina pa kukalia.

Kwenye matanga, hapa nyumbani, sebule imejaa mpaka ngazini, watu walikuwa wananingoja mimi. Mtani yupo, mtani aseme. Kaka yako, aliyekuwa amekuja kukuchukua, alinisogezea kiti. Nilitakiwa nivae koti lako, nitembee mwendo wako wa beji, nidai kwamba umekufa kwa uchoyo wa biskuti, watu wacheke katikati ya kilio, ndiyo dawa. Nilisimama. Nikafungua mdomo. Nikaona mikono yako miwili imeshika koo. Nikakaa. Wakasema maskini, Vumi amezidiwa na uchungu. Walininyamazia kwa heshima, na sikuistahili.

Siku ileile mimi na Grace tulifungua mkoba wako. Rozari, peremende, miwani, tiketi ya basi, na kile kiboksi cha njano chenye barakoa ya kupulizia pumzi, haijafunguliwa. Ulitembea nacho miaka yote. Siku ya kipaimara ule mkoba ulikuwa umening'inia kwenye kiti changu.

Sasa habari za wodini, maana hizo ndizo zilizonifikisha hapa. Mwezi wa tatu baada yako, Sista Bridget aliniita ofisini. Alikuwa na faili lako jekundu la mafunzo. Akasema nafasi yako ipo wazi, kwamba kompyuta inaonyesha nina alama za juu kuliko wote, na karatasi za mikono umenisainia wewe mwenyewe, na saini yako haina mjadala hospitali nzima. Akasema Skola angefurahi. Nikalipokea faili. Unasikia? Nililipokea, nikasema asante.

Siku hiyohiyo nilipotoka zamu nikaingia kwenye chumba cha mafunzo, nikafunga mlango, nikapiga magoti kwa Shemeji. Nikapuliza. Kifua kikakaa kimya. Nikapuliza mpaka masikio yakavuma. Nikamtukana kwa Kihehe. Kifua kimya.

Tangu hapo nimekuwa nafika nusu saa kabla ya zamu, kila siku. Siku ya tisa nilikirudisha kichwa nyuma zaidi kuliko nilivyodhani mtu anaweza kurudishwa, nikaivuta taya juu kuja kwangu, nikapuliza kidogo tu. Kikainuka. Kwa wepesi kabisa. Nilijiandaa kufurahi, badala yake nikakaa sakafuni nikalia kama nilivyotakiwa kulia siku ya mazishi. Asubuhi tisa za nusu saa. Ndizo tulizokosa kuzipata katika miaka miwili, mimi na wewe, kwa kuoneana huruma.

Na wiki hii ndipo akaja Esperance. Humjui, ni mpya, Mkongo wa Bukavu, mama wa mapacha, anafanya kazi sehemu mbili kama sisi sote tulivyofanya. Kompyuta ameimaliza vizuri. Jumanne alikuja kwangu kwa ajili ya mikono, macho mekundu, ameegemea ukuta uleule. Akanipa karatasi yake na kalamu. "Da Vumi, niko nimechoka kabisa. Unisainie tu. Nitafanya kesho."

Nilishika ile kalamu. Nakuambia ukweli, mtani, ncha iligusa karatasi. Undugu wote ulikuwa pale: ugeni, uchovu, watoto, lugha. Nikasikia sauti yako ikisema nenda kalale, Mhehe. Nikaichukia sauti yako. Mara ya kwanza maishani mwangu. Nikamwambia apige magoti. Akasonya. Akapuliza mara nne bila kitu, akanitupia jicho, akauliza, "Na weye, nani alikusainia?" Hakuwa na maana yoyote, alikuwa amechoka tu. Nikamjibu jina lako. Akasema wote wanakusifu. Nikamrudisha kwa Shemeji mpaka kifua kikainuka mara tano mfululizo, na alipotoka hakuniaga.

Nimekaa siku tatu na swali lake.

Nikisema kwamba nilitiliwa saini bila kumgusa sanamu, wataniuliza nani alitia. Nikimtaja, watauliza yeye kompyuta aliifaulu vipi. Watalifungua faili lako jekundu. Sista Bridget amebandika picha yako kwenye ukuta wa chumba cha mafunzo, na wewe umevaa ile beji. Kwetu marehemu hasemwi, husitiriwa. Nikagundua kwamba sijaacha kuivuta ile kanga. Kila nilipompa mtu jibu zuri, kila niliposema nilifanya yote niliyofundishwa, nilikuwa nakuchomekea pembeni, na chini yake hakuna anayeona kama kifua kinainuka au la. Ulikuwa unawaambia wagonjwa wanaoficha maumivu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Basi kimetuumbua, dada yangu. Kilichobaki ni kusema.

Leo asubuhi nimeanza na Grace. Nimemkalisha mezani, nimemwambia yote, kwa Kiswahili, polepole. Nilivyocheka. Soda niliyoimalizia. Kanga. Karatasi yako na karatasi yangu. Sikumficha kitu. Nilidhani hakunielewa. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, mara ya kwanza tangu uondoke, kibovu, kila neno akilitafuta: "Mama alikuwa anakupenda sana. Ndiyo kosa." Sijui alimaanisha kosa lako au langu. Akaingia chumbani akafunga mlango. Sijui kama amenisamehe na sijamuuliza. Baada ya saa moja alitoka, akachukua kile kiboksi cha njano kabatini, akakitia kwenye begi lake la shule.

Kesho saa tatu asubuhi nina miadi na Sista Bridget. Najua yatakayofuata. Nitasimamishwa kushika wagonjwa mahututi, kutakuwa na barua, kutakuwa na kikao, na huenda wakaniondolea usajili ule ulioupigania wewe kuliko mimi. Picha yako huenda ikashushwa ukutani. Nitawaambia pia kwamba wauguzi wengine wote uliwapima kweli, mmoja mmoja, na kwamba mtu pekee uliyemhurumia alikuwa mimi. Watalisikia au hawatalisikia.

Nilitaka kwanza kukuomba ruhusa. Halafu nikakumbuka kwamba sihitaji. Mimi ni mtani wako. Katika msiba, ndugu husitiri, padri husifu, na mtani peke yake ndiye anayeruhusiwa kusema marehemu alikuwa nani, mbele ya watu, bila kugombwa. Siku ya matanga nilishindwa kazi yangu. Nitaifanya kesho ofisini, bila kumwigiza mtu mwendo.

Ahadi yangu ni hii. Wakiniachia kazi au wasiponiachia, hapa au kwenye nyumba ya wazee ya Hounslow nikianza upya kama ulivyoanza wewe, karatasi ya mtu ambaye sijamwona kwa macho yangu sitaitia saini, awe amechoka vipi, awe dada yangu wa damu. Jumapili namrudishia Mama Jeni kanga yake, na nitamweleza kwa nini.

Pumzika, Mngoni wangu. Nilikufunika mbele ya watu. Kesho nitakufunua mbele yao na mimi nikiwemo, halafu nitamwomba Sista Bridget tuende wote kwa Shemeji, apige magoti upande wa pili, na nitakapopuliza asiniulize lolote. Akitazame kifua tu.

Mla mbwa wako,
Vumi